Kabla Chama Hakijanunua Ardhi ya Nyumba



Niliombwa nije kusema nanyi juu ya hesabu za mwisho wa mwaka. Nawaomba radhi, kwani nitasema zaidi juu ya nyumba. Vyama vingi siku hizi vinanunua ardhi pembezoni mwa miji ili kuwagawia wanachama viwanja, na katika ukaguzi wangu nimeona kwamba zipo fedha zisizopotea katika sanduku la chama. Hupotea ardhini, huku vitabu vikiwa safi kabisa.

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2012 nilikagua chama kimoja cha mazao, ambacho sitakitaja jina. Kilikuwa kimenunua ekari 8 kando ya barabara kuu. Stakabadhi zilikuwepo, hati ya mauziano ilikuwa na muhuri wa kijiji, na muhtasari wa mkutano mkuu uliandikwa vizuri kuliko yote niliyoisoma mwaka ule. Nikatia saini kwamba hesabu zinaridhisha. Sikuuliza ramani, na kwa kweli ramani haikuwepo. Kamati ilipima viwanja kwa kamba ya katani, na vile vya mbele, vinavyotazama barabara, vikauzwa kwa bei kubwa kuliko vingine kwa kuwa vinafaa kwa biashara.

Baada ya miaka mitatu watu wa barabara walipita na rangi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekutwa na sheria hiyo amekwisha kujenga kihalali katika zile mita zilizoongezwa alipigiwa alama ya X ya kijani, maana anastahili fidia. Aliyejenga baadaye alipigiwa nyekundu, maana yake abomoe kwa gharama yake. Wanachama wetu 11 walipata nyekundu. Mmoja wao, mama mjane aliyejenga vyumba viwili kwa mavuno ya misimu mitano, aliniuliza mbele ya watu: “Mwanangu, si wewe uliyetia saini?” Sikuwa na jibu.

Ndugu Makatibu, muhuri wa kijiji si kibali cha ujenzi. Eneo likiisha kutangazwa kuwa la mipangomiji, Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kiwanja apate idhini ya Halmashauri kabla ya kuliendeleza. Na wapo jirani zetu waliojihadhari na barabara wakajenga mtoni. Huko nako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 toka ukingo wa mto. Mkaguzi wa hesabu hataziona mita hizo katika daftari la fedha, ila kama katibu ameweka mchoro ndani ya jalada.

Baadhi ya wanachama husema kwamba mipango ni mambo ya wenye fedha, nasi tujenge kwanza, huduma zitatufuata. Naomba mtazame Sinza ya Dar es Salaam. Mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, ulioendeshwa na Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulitoa huko viwanja vya mita za mraba 288 tu. Vilikuwa vidogo, lakini njia zilichorwa kabla ya watu kujenga. Kiwanja kidogo chenye njia kinamshinda mbali mwenzake mkubwa usiofikika. Mahali pasipo njia, bomba la maji litapita wapi? Nguzo ya umeme itasimama katika ua wa nani? Na choo kikijaa (mtanisamehe kulisema jambo hili kabla ya chakula), gari la kunyonya majitaka haliruki kuta. Nimeingia katika mitaa ambamo hata jeneza hupitishwa ubavu.

Wala msidhani kwamba vipimo vya Serikali havizungumziki. Mwishoni mwa miaka ya 2000, wakazi waliohamishwa Kurasini ili kupisha upanuzi wa bandari walijiunga katika ushirika wa nyumba, wakanunua ekari 30 huko Chamazi. Kwa vipimo vya kawaida vya wakati ule viwanja visingewatosha. Hawakujigawia kwa kamba usiku. Walipeleka mchoro wao kwa wataalamu, wakajadiliana nao, wakakubaliwa viwanja vidogo zaidi, na nyumba zikapandishwa kidogo kidogo kadiri ya uwezo. Nasema wazi kwamba kujadiliana huko kulihitaji uvumilivu ambao vyama vyetu vingi havina. Sisi tunataka kiwanja Jumatatu na tofali Jumanne.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Kabla fedha hazijatoka benki, katibu aende kwa afisa mipangomiji wa Halmashauri, amwulize eneo lile limepangwa kwa matumizi gani, na jibu alipate kwa maandishi. Mpima ardhi mwenye leseni aonyeshe mawe ya mipaka mbele ya kamati nzima, si mbele ya mwenyekiti peke yake. Mamlaka ya maji iulizwe bomba lake la karibu liko wapi. Na Halmashauri inapoita mkutano wa kujadili mpango wa eneo, chama kipeleke watu. Mara nyingi nimekuta viti vitupu, kisha mwaka unaofuata nikapokea malalamiko.

Chama kile nilichokitaja kimewapa wanachama 7 kati ya wale 11 viwanja vya nyuma, vilivyopimwa. Wanne bado wanangoja, na yule mama ni mmoja wao. Shauri lao litasomwa katika mkutano mkuu ujao, nami nimeomba niwepo. Kuanzia ukaguzi wa mwaka huu, katika kila chama kilichonunua ardhi, nitaomba jalada la ramani kabla sijafungua daftari la fedha.