VITU ALIVYOACHA MTALAKA WAKO NI AMANA

(Mada iliyotolewa baada ya sala ya Alasiri katika darsa ya Ramadhani ya vijana wa Migori na Homa Bay)



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Wazee wetu, mama zetu na vijana wenzangu, nimeombwa nizungumze juu ya amana. Zamani nikiwa madrasa, nikisikia neno amana nilikuwa nafikiria pesa tu: mtu anasafiri, anakuachia bahasha. Leo nataka tuangalie amana ambayo hakuna aliyekukabidhi mkononi, nayo ni vitu anavyoviacha nyumbani kwako mtu mliyeachana naye.

Nilipokuwa na miaka kumi na mbili, mama yangu mdogo alipewa talaka kule Homa Bay. Alifika kwetu Migori usiku, mtoto mgongoni na mfuko mmoja mkononi. Cherehani yake, aliyoinunua kwa pesa za kushona sare za shule, ilibaki kule. Aliona haya kuiulizia. Baada ya miezi mitatu baba alinituma mimi na kaka yangu tukaichukue. Tuliikuta nje chini ya mti, imenyeshewa mvua, gurudumu limeshika kutu na mkanda umekatika. Yule bwana akatuambia, "Mimi sikuiharibu. Mimi niliitoa tu nyumbani kwangu."

Simtaji, kwa kuwa gheba ni haramu na hasa katika mwezi huu. Lakini lile neno lake limekaa kichwani mwangu miaka yote hii. Je, ni kweli hana jukumu?

UISLAMU UNASEMAJE?

Tulioosoma Matn Abi Shujaa tunakumbuka mlango wa wadia. Mwenye kushika amana halipi ikipotea au ikiharibika bila kosa lake. Mwizi akivunja nyumba akaiba vyako na vyake, huna deni. Lakini ukivuka mpaka, au ukizembea, jukumu linakuwa lako na unalipa.

Sasa mtu atasema, "Mimi sikukubali kuwekewa, aliondoka tu akaviacha." Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wana mfano mzuri hapa. Upepo umerusha nguo ya jirani kutoka kwenye kamba, ikaangukia uani kwako. Hukuiomba, wala yeye hakukupa. Hata hivyo imeshakuwa amana kwako. Unatakiwa umrudishie au umjulishe haraka. Ukinyamaza na hali uwezo wa kumjulisha unao, kisha nguo ikaharibika, unailipa.

Basi, kuitoa cherehani ya mtu na kuiweka mvuani si "kuitoa tu". Ni kuiharibu kwa mkono wa mvua.

"Lakini alinikosea!" Ndugu yangu, turudi kwenye Sira. Mwaka 622 Makureshi walipanga kumuua Mtume (s.a.w.). Wakati huohuo amana za watu wa Makka zilikuwa nyumbani kwake, kwa sababu hata waliompinga walimwamini. Alipohama kwenda Madina alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) azirudishe kwa wenyewe. Wanaotaka roho yake wanarudishiwa mali zao, sembuse mwanamke aliyekupikia futari, au mwanamume aliyekulipia kodi ya nyumba?

EDDA INGEFUATWA, VITU VISINGEACHWA

Hapa kuna jambo tunalisahau. Surat at-Talaq, aya ya kwanza, inakataza kuwatoa wanawake majumbani mwao wakiwa ndani ya edda, isipokuwa kwa uchafu ulio wazi. Kwa mwanamke anayepata hedhi, edda hiyo ni muda wa tohara au hedhi tatu kwa tafsiri za wanazuoni, karibu miezi mitatu hivi. Ndani ya muda huo hasira inapoa, pengine watu wanarejeana. Wasiporejeana, wamepata nafasi ya kukaa chini na kusema: kitanda hiki ni chako, sufuria hizi ni zangu, jiko la gesi tulinunua pamoja.

Kwetu huku talaka inatoka saa tatu usiku na saa nne mtu yuko juu ya boda. Vitu vinabaki kwa sababu mwenyewe alifukuzwa. Kisha tunasema eti "ameviacha"!

SHERIA YA NCHI

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, inampa Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nayo inamruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Mwenzako akiwa si Muislamu, au mlikuwa mmeposana tu, kuna mahakama ya hakimu. Na pale ilipo Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai ya kurudishiwa mali inayohamishika au kulipwa iliyoharibiwa, mradi thamani isizidi shilingi milioni moja.

Na mjue kwamba kuharibu mali ya mtu makusudi ni jinai. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 339, inaweka kifungo cha hadi miaka mitano. Yule kijana anayechoma nguo za mchumba wake wa zamani nyuma ya ploti, marafiki wakicheka, anacheza na jela.

Wengine husema, "Nilimpa wiki mbili, hakuja, nikauza." Iko sheria Kenya inayoruhusu kuuza vitu visivyochukuliwa, lakini hiyo ni ya biashara, kama fundi aliyeletewa redio atengeneze, nayo ina masharti yake. Haikukusudiwa nyumba ya mume na mke.

TUFANYE NINI?

Kwanza, andikeni orodha mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Mahari ni ya mke. Zawadi iliyotolewa na kupokelewa ni ya aliyepewa. Mnachogombania kiwekeni kando, msijihukumie wenyewe.

Pili, hifadhi kama unavyohifadhi chako. Usitumie. Ukishona kwa cherehani ya mtu bila idhini yake, hata ikivunjika kwa bahati mbaya, umeshajiingiza kwenye deni.

Tatu, mjulishe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, na mpe muda wa kutosha. Si lazima umsafirishie mzigo kutoka Mbita hadi Isebania. Nauli ni ya mwenye mali. Lako ni kufungua mlango na kutomzuia yeye au wakili wake.

Nne, ukihama nyumba na mwenyewe hapatikani, wanazuoni wameweka mpangilio: mpe wakili wake, asipokuwepo, mpelekee Kadhi, Kadhi asipopatikana, mpe mtu muaminifu. Kumtupia landlodi funguo si katika hayo.

Tano, vyeti vya watoto, kitambulisho, vyeti vya shule na dawa virudishwe siku hiyohiyo. Hivyo havingoji hasira iishe.

Sita, ukiwa unadai mahari au matumizi ya watoto, dai lako lipeleke mahakamani. Usifanye sufuria za mtu kuwa mateka.

Nawe uliyeacha vitu, usimfanye mwenzako bohari. Ukiitwa, nenda kachukue. Kumjazia mtu nyumba mwaka mzima nako ni dhulma.

HITIMISHO

Ndugu zangu, tunafunga, tunaswali Tarawehe, tunakhitimisha Qur'ani. Lakini haki ya mja haifutiki kwa njaa ya mchana. Inafutika kwa kurudishwa, au kwa mwenyewe kusamehe.

Mama mdogo hajalipwa mpaka leo. Alianza tena kwa sindano ya mkono, shati moja moja, na alhamdulillahi sasa ana cherehani nyingine. Nilimuuliza kama amemsamehe yule bwana. Akaniambia, "Mwanangu, hajawahi kuniomba."

Bado yuko hai, na yeye pia yuko hai. Na sisi tuliokaa hapa tuko hai. Tukirudi nyumbani jioni hii, kila mmoja aangalie kabatini, chini ya kitanda na stoo. Kikipatikana kitu cha mtu, apigiwe simu kabla ya Idi.

Allah atutakabalie funga zetu na atujaalie tuwe watekelezaji wa amana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.