Gitaa la Besi kwa Mpiga Muziki wa Hoteli

Sisi tupigao muziki katika hoteli za Nyali twajua kuwa mshahara wetu haulingani na bei ya Fender. Basi tusikope kwa ajili ya jina. Kampuni hiyo ilitoa besi yake ya Precision mwaka 1951, na tangu 1982 hutoa besi za namna hiyo hiyo kwa jina la Squier, kwa bei nafuu.

Kabla ya kulipa, tuitazame shingo: imenyooka? Tupige kila sauti mpaka juu: yavuma sawa? Tuzungushe vifundo: vyakwaruza? Upepo wa bahari hula chuma, basi tufute nyuzi kila usiku.

Mgeni husikia mkono, hasomi jina. Pesa iliyobaki ni karo ya watoto.