Divisheni Foo Isomwe Somo kwa Somo



Baraza la Mitihani likitangaza matokeo ya kidato cha nne, simu za hapa kwetu Kilimatinde hazipoi. Mwenye kifurushi anawaangalizia majirani namba za watoto wao, na jioni ile swali ni moja tu: kapata divisheni ngapi? Wa kwanza hadi wa tatu wanapewa hongera. Wa foo anapewa pole, kama aliyefiwa.

Pole hiyo inaniuma. Ikifika Machi, uwele ungali shambani, kijana wa foo ameshakabidhiwa jembe au ng'ombe, au amekwenda Manyoni kutafuta pikipiki ya hesabu. Kazi hizo zina heshima yake. Mimi mwenyewe nimekula jasho la jembe. Ninacholilia ni kwamba hakuna mtu mzima aliyekaa naye wakayasoma matokeo yale mpaka chini.

Tuyasome basi. Divisheni foo ni pointi 26 hadi 33. Chukua binti mwenye D nne: Biolojia, Kemia, Fizikia na Kiswahili. Masomo mengine matatu kapata F. Jumla pointi 31, na mtaani wameshasema kafeli. Lakini kufaulu masomo manne, yakiwemo hayo matatu ya sayansi, ndicho kiwango cha chini cha kuombea chuo cha uuguzi. Mwenzake wa pointi 27 aliyeanguka Fizikia hana mlango huo. Divisheni imewapanga hivi, masomo yamewapanga vile! Na haya yanatokea kwetu, tunaotibiwa Hospitali ya Mtakatifu Yohana, tuliozoea kuwaona wanafunzi wa uuguzi na sare zao.

Sitawadanganya. Kuwa na sifa si kupata nafasi, maana waombaji ni wengi. Halafu kuna ada, na hapo ndipo wazazi wengi wanaposhikwa. Tangu 2016 mtoto anasoma bila ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita. Mzazi aliyezoea hivyo akiletewa fomu ya chuo anaishiwa nguvu. Bodi ya Mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kukopesha baadhi ya fani za stashahada, zikiwemo za afya, ila si zote, kwa hiyo ulizeni fani kwa fani kabla ya kutegemea. Na muda upo: matokeo hutoka Januari, vyuo hufungua karibu Septemba au Oktoba, katikati hapo alizeti inavunwa. Baba anayejua mapema atatenga magunia ya ada kabla mnunuzi hajafika. Anayejua Agosti ameshauza, na hela imeshaingia kwenye mabati.

Hata wenye ufaulu mzuri wasilale. Tahasusi walizojaza kwenye selfomu wakiwa shuleni, TAMISEMI huwaruhusu kuzibadilisha baada ya matokeo, kwa muda maalumu.

Wakuu wa shule za sekondari za tarafa yetu, nawaomba jambo moja. Jumamosi ya kwanza baada ya matokeo, fungueni darasa moja. Awepo mwalimu mmoja wa sayansi, muuguzi mmoja kutoka hospitalini, na fundi mmoja aliyepita VETA. Padri, mchungaji na shehe watutangazie. Binti wa pointi 31 aje na mama yake, wakae dawati moja, mwalimu awasomee somo kwa somo.