Volti Sita Zilizopotea Mlimani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumzie mafanikio yangu katika utumishi wa umma. Nimelitafakari ombi hilo, nikaona kuwa mafanikio hayo yanamalizika kusimuliwa kwa dakika mbili, na huenda baadhi yenu mkasinzia kabla hazijatimia. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumzie kosa moja nililolitenda. Kosa hilo linahusu kigari cha gofu.

Msicheke. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi, katika taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja, hapakuwa na mchezaji hata mmoja wa gofu. Lakini eneo letu lilikuwa kubwa, na ofisi zilikuwa juu ya kilima. Wazee, kina mama wajawazito na watu wenye ulemavu walikuwa wakitaabika kupanda kutoka getini. Ndipo vikanunuliwa vigari vinne vya umeme, vya namna ile ile inayotumika katika viwanja vya gofu. Kila kimoja kilikuwa na betri sita za volti 8 chini ya kiti, zimeungwa moja baada ya nyingine, jumla yake volti 48. Mimi nilikuwa afisa utawala, na usafiri ulikuwa chini yangu.

Kigari cha tatu kilianza kuugua. Asubuhi kikitoka kwenye chaja kilikimbia vizuri katika uwanda wa chini. Kikifika katikati ya mlima kilinyong'onyea, kikatambaa, na mwisho kikasimama na abiria wake. Siku moja kilisimama na bibi mmoja aliyekuwa na fimbo, jua la saa saba linawaka. Ilibidi bibi yule ashuke, amalizie mlima kwa miguu. Malalamiko yakafika mezani kwangu.

Mimi, ndugu zangu, nilikuwa na majibu tayari kabla sijauliza swali. Nilisema, gari la umeme lisilo na nguvu ni gari lenye betri mbovu. Nikaidhinisha ununuzi wa betri sita mpya. Fedha zile zilikuwa za umma, na zingetosha kununua madawati si haba. Betri zikafungwa. Siku ya tatu kigari kikasimama pale pale mlimani.

Hapo nikafanya kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Nilisema, kama betri ni mpya na zimekufa, basi aliyeziua ni dereva. Ama hazichaji usiku, ama anapakia watu kupita kiasi. Nikamwandikia barua ya kutaka ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Dereva huyo alikuwa mtu mzima, amenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, na alikuwa karibu kustaafu. Kila mtumishi wa serikali aliyeketi hapa anajua barua ya namna hiyo inavyoweza kumnyima mtu usingizi.

Alijibu kwa sentensi moja: "Bosi, gari likiwa chini linakimbia, likipanda mlima linazimika, na anayeendesha ni mimi yule yule."

Niliisoma nikaiona ni jeuri. Nikaipeleka nyumbani jioni ile nikiwa na hasira, nikaisoma tena baada ya chakula. Ndipo nikakumbuka chumba kile pale, nyuma ya bwalo, yaani maabara yetu ya fizikia, na mwalimu wetu wa kidato cha tatu akiandika ubaoni kanuni ambayo Georg Ohm aliichapisha mwaka 1827: volti zinazopotea katika kitu ni sawa na mkondo unaopita humo mara ukinzani wake. Sisi tuliokuwa tukijiandaa kwenda mchepuo wa HGL tuliikariri kwa ajili ya mtihani tu. Mimi niliondoka hapa mwaka 2001 nikaenda kusoma utawala chuo kikuu, nikidhani nimeagana na Bwana Ohm milele.

Sasa ilinganisheni kanuni ile na sentensi ya dereva. Kigari kikiwa kimesimama hakuna mkondo mkubwa unaopita, hivyo hata pakiwa na ukinzani mbaya mahali fulani, ukinzani ule haudai kitu. Katika uwanda mota inataka mkondo wa wastani, na hasara inakuwa ndogo. Mlimani mota inadai mkondo mara kadhaa ya ule, na hasara inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Dereva hakuwa na jeuri. Alikuwa amenipa maelezo kamili ya ugonjwa, ila mimi sikuwa na masikio.

Asubuhi nikaazima voltimita kwa fundi umeme wetu, naye nikamwomba aje. Tukaweka vigingi kwenye magurudumu, tukavua saa na pete, maana chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja kinaweza kuunguza kidole hadi mfupani. Tukapima kigari kikiwa kimesimama, chaja imekwisha kuondolewa saa kadhaa. Jumla ya betri sita ilikuwa volti 50.8. Hiyo ni afya njema kabisa. Nami siku zote nilikuwa nikiletewa kipimo hicho hicho cha kusimama, nikakitia sahihi.

Kisha tukafunga nyaya ndefu za voltimita kwenye vichwa vya betri kwa mkanda, tukafunika kiti, tukamwita dereva. Nikamwambia, "Mzee wangu, tupandishe." Yeye akiendesha, mimi kando yake nimeshika voltimita, tukapanda mlima ule. Safari ya kwanza tulipima kutoka mwanzo wa betri ya kwanza hadi mwisho wa betri ya sita: volti 41.4. Safari sita zilizofuata tulipima kila betri peke yake mahali pale pale pa mlima. Kila moja ilikuwa na volti 7.9.

Sasa, vijana, chukueni kalamu. Sita mara 7.9 ni 47.4. Lakini kipimo cha jumla kilisema 41.4. Volti sita zimekwenda wapi?

Mimi si mhandisi, ila nimekaa na wakaguzi wa hesabu miaka mingi. Mkaguzi akikuta kila stakabadhi ni sahihi lakini jumla hailingani, hamlaumu karani wa mlangoni. Anatafuta fedha zimepotelea wapi kati ya stakabadhi na stakabadhi. Gustav Kirchhoff alitufundisha mwaka 1845 kuwa katika mzunguko wa umeme hesabu lazima ilingane. Kati ya betri na betri hakuna kitu isipokuwa nyaya tano fupi nene. Ndizo zilezile za zamani. Tulipobadilisha betri tulizirudisha bila kuzitazama.

Tukazima, tukapeleka mkono karibu na nyaya zile kwa tahadhari. Nne zilikuwa na uvuguvugu. Wa betri ya nne kwenda ya tano ulikuwa wa moto, haushikiki. Tukapanda mlima mara ya nane, voltimita ikiwa imeunganishwa kutoka kichwa cha betri ya nne hadi kichwa cha betri ya tano, waya ule ukiwa katikati. Volti 5.5! Nusu volti iliyobaki iligawanywa na nyaya nne nzima. Tuseme mkondo ulikuwa ampea 150. Basi waya ule mfupi kama shubiri ulikuwa ukila zaidi ya wati 800, karibu sawa na pasi ya umeme. Nguvu iliyotakiwa kumpandisha bibi mlimani ilikuwa ikipasha waya moto. Na kifaa kinachoongoza mota kilipoona volti zimeshuka kilipunguza nguvu ili kujilinda, kama kilivyoundwa kufanya.

Tulipoukata ganda lake tukakuta, ndani kabisa mahali waya unapobanwa na kichwa chake cha shaba, unga wa kijani. Mvuke wa tindikali ya betri ulikuwa umeingia humo na kuila shaba kidogo kidogo. Kwa nje ungeuona mzima. Waya mpya ulipatikana siku ile ile kwa fedha ambazo mtu angeweza kuzitoa mfukoni. Kigari kikapanda mlima na abiria wanne bila kuugua.

Betri za zamani zilikuwa bado stoo zikingoja kufutwa. Tulizichaji, tukazipima zikiwa kazini. Tano zilikuwa nzima.

Kwa ndugu zetu wenye mahoteli, hospitali na mashamba, ambao nasikia wanavyo vigari hivi, naomba niwaachie utaratibu tulioufuata tangu siku ile. Kwanza, mwulize dereva: ni lini, ni wapi, kikiwa na mzigo gani? Pili, chaji betri zijae, ziache zipumzike, kisha zipime. Tazama pia kama maji yamefunika bamba za ndani. Ongeza maji safi ya betri tu, na uongeze baada ya kuchaji, si kabla, isipokuwa bamba ziko wazi. Pasiwe na sigara wala moto karibu, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Tatu, pima kila betri kigari kikiwa kazini. Betri mbovu itajitenga na wenzake: wenzake watakuwa karibu na volti 8, yeye atashuka sana. Nne, pima kila waya na kila kiungo. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa safisha kwa maji yaliyotiwa magadi, yale yale yanayolainisha maharage jikoni, ila usiyaache yaingie ndani ya betri. Tano, sikiliza swichi kubwa ya sumaku. Ikilia "tak" na kigari kisiende, pima volti kati ya vichwa vyake viwili vikubwa. Ukikuta bado ziko volti zote za betri, vigusio vyake vya ndani havishikani. Sita, inua magurudumu uyazungushe kwa mkono, maana breki inayong'ang'ania na tairi lisilo na upepo hujifanya ugonjwa wa umeme. Ukimaliza hayo yote ndipo utazame mota na kifaa kinachoiongoza, kwa kuwa hivyo ndivyo vyenye bei kubwa. Vigari vipya vyenye betri za lithiamu vina chombo chao cha ulinzi ndani, na hivyo yafaa kumwita fundi anayevijua. Lakini waya uliooza ni waya uliooza, betri iwe ya aina gani.

Imebaki habari ya dereva. Nilimwendea karakana, si kumwita ofisini. Nikamwambia, "Mzee wangu, nimekukosea, naomba unisamehe." Akanyamaza kidogo, akasema, "Yamekwisha, bosi. Lakini ile barua itoke kwenye jalada langu."

Nilitaka kumwambia kwamba mambo yamekwisha na barua haina madhara tena. Lakini alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimepoteza haya kidogo. Yeye angepoteza jina alilolijenga kwa miaka thelathini. Niliandika barua ya kuifuta ile ya kwanza, nikaeleza kosa lilikuwa la nani, nikatia sahihi, nikampa nakala. Niliandika pia taarifa ya betri zile kwa mkuu wangu, ambaye hakunipongeza. Alistahili kutonipongeza.

Vijana wangu, wengi wenu hamtakuwa mafundi. Mtakuwa mahakimu, waganga, makarani, na wengine mtakuwa maafisa utawala kama mimi. Mtaletewa vipimo vilivyochukuliwa gari likiwa limesimama. Kabla hamjatia sahihi ulizeni kama kuna aliyepanda nalo mlima. Na mtu wa chini akiwapa jibu la sentensi moja, lisomeni mara mbili. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu, niliyeandika barua kwanza na kupima baadaye.

Ndugu Mwenyekiti, enzi zetu maabara ilikuwa na voltimita moja, na mshale wake ulikwama kwenye 3 hata ukiipima hewa. Sijui kama ingali hai. Nimekuja na mpya sita, ziko kwenye boksi lile karibu na mlango. Bei ya zote kwa pamoja haifikii bei ya betri moja kati ya zile nilizozinunua bure. Naomba Mkuu wa Shule azipokee, na naomba zisifungiwe kabatini.