Homa Moja, Maswali Mengi: Daktari Kijana na Kujifunza Kazini Karatu na Ngorongoro



Utangulizi

Lawama kuhusu madaktari vijana tunazijua: wanashika simu mbele ya mgonjwa, wanahesabu saa za zamu, hawakai. Mada hii inadai kwamba kizazi hiki kinajua kutafuta jibu kuliko sisi tulivyojua. Kinachohitaji kwetu ni maswali, na maswali hufundishwa na mahali pamoja na watu waliokaa hapo.

Kutafuta jibu

Daktari anayefika Karatu, au Endulen kule Ngorongoro, amesoma miaka 5, kisha akafanya utarajali wa mwaka 1 katika hospitali kubwa ambako bingwa yuko karibu. Huku bingwa hayupo mlango wa pili. Mwongozo wa matibabu wa taifa anao kwenye simu. Akikwama, huwauliza wenzake wa darasa walioko Mwanza, Dodoma au Moshi, na mara nyingi jibu hurudi kabla mgonjwa hajatoka maabara. Enzi zetu aliyekwama alisubiri raundi ya mkubwa wake, au alikisia. Anayehakiki dozi ya mtoto kwenye simu ana uangalifu ambao wengi wetu tuliuonea aibu.

Kuuliza swali

Tuchukue homa. Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Magonjwa yatokanayo na wanyama, kama leptospira, homa ya Q na brusela, yaliipita malaria kwa mbali.

Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kipo. Kikitoka hasi, je? Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, kwenye mashamba ya umwagiliaji karibu na Ziwa Eyasi, anaishi na mbu. Mfugaji wa nyanda za juu za Ngorongoro, ambako ukingo wa kreta unapita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, anaishi na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Huyu wa pili aulizwe: Maziwa mnachemsha? Kuna ng'ombe aliyetupa mimba, na nani alimsaidia? Mmekula nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe? Swali hilo la mwisho ndilo linalofichua kimeta.

Simu hujibu inachoulizwa. Daktari aliyekulia Mtwara hana sababu ya kuwaza mimba ya ng'ombe, wala hajui Kimaasai au Kiiraqw cha kuulizia. Anayejua ni muuguzi mwenyeji, ambaye mara nyingi tunamwita atafsiri tu, kisha tunamwacha aendelee na kazi zake. Huyo ni mwalimu tuliye naye bila kumtumia.

Kazi na muda

Kuhusu zamu, tukumbuke kwamba mgomo wa madaktari wa 2012 ulianza na madai ya posho za watarajali. Waliokuja baadaye wanauliza waziwazi kuhusu mkataba na mapumziko, na daktari aliyekesha usiku mbili hajifunzi kitu. Gumu zaidi ni kuondoka: ajira ya serikali ikitoka, kijana huenda, na alichojifunza kuhusu wagonjwa wa hapa huenda naye.

Mapendekezo

1. Kikao cha asubuhi kijadili kila homa isiyo malaria, pamoja na historia ya mifugo ya mgonjwa.
2. Daktari mgeni, kabla ya kuingia zamu, azunguke wiki nzima na muuguzi mzoefu na ofisa mifugo wa kata.
3. Daktari amweleze mgonjwa anachotafuta kwenye simu. Picha yenye sura au jina isiingie kwenye kundi lolote la simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu sote.
4. Anayehama aache maandishi mafupi: magonjwa aliyoyakuta, na maswali yaliyomsaidia kuyatambua.

Naomba wajumbe mjadili zaidi pendekezo la pili. Ndilo linalogusa ratiba za zamu, na ratiba zisipobadilika, hayo mengine matatu yatabaki kwenye karatasi.