Kwa Nini Majirani Hutuita Wanafiki?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Wapo hapa wale ambao si wa kanisa letu, na ndugu zetu Waislamu walio katika vikundi vyetu. Nyinyi msiwe na wasiwasi. Maneno ya leo yatatukwaruza sisi Wakristo kwanza.

Tulipoombwa kuzungumza, tuliambiwa tuchague jambo linalorudisha maendeleo nyuma. Tungeweza kusema juu ya mbolea, au ugonjwa wa kuku, au mikopo. Hayo yote ni mazuri. Lakini kuna jambo moja ambalo limeua miradi mingi kuliko kiangazi, nalo ni pale majirani wanapotutazama tukifungua mkutano kwa maombi, kisha wananong'onezana, "Hawa ni wanafiki tu." Mtu akishasema hivyo, hatatoa pesa, hataleta jembe, hatakuja mkutanoni. Kwa nini husema hivyo? Je, ni uongo?

Hebu tuanze nyumbani kwetu. Msituombe majina.

Katika kikundi chetu kimoja tulikuwa tunataka kulinda chemchemi. Kazi hiyo mnaijua: kuchimba hadi mahali maji yanapotoka, kujenga ukuta, kupanga mawe na kokoto nyuma yake, kuweka paipu, kufunika vizuri, kisha kuchimba mtaro wa juu ili maji ya mvua yasiingie, na kuweka ua ili ng'ombe wasikanyage. Nyumba 42 zilichanga shilingi 500 kila moja. Hizo ni shilingi 21,000. Nyingi za nyumba hizo hazikuwa za kanisa letu. Pesa zilikaa katika simu ya mweka hazina, naye alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuomba sala ndefu.

Siku ya kununua mchanga ikafika. Kwenye simu zilikuwamo shilingi 8,000. Zile 13,000 alikuwa amelipia karo ya mtoto mwezi wa Januari, akisema moyoni kwamba atarudisha kabla hatujajua. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Sasa sikilizeni tulichofanya sisi wa kamati. Jumapili baada ya ibada tulikaa chini ya mti, wote watu wa kanisa, tukakubaliana kwamba si vizuri kumwaibisha mtumishi wa Mungu. Tukawaambia wanakikundi kwamba lori limeharibika njiani. Huo uongo haukuwa wa mweka hazina. Ulikuwa wetu.

Njia ya mwongo ni fupi. Kulikuwa na mama mmoja anayeuza chai na mandazi kwenye njia panda. Yeye haendi kanisani. Mwenye lori hunywa chai kwake. Akamuuliza, "Lori lako limepona?" Yule bwana akashangaa, "Lilikuwa linaumwa nini? Hakuna mtu aliyeniagiza mchanga." Katika mkutano uliofuata mama akasimama, akasema, "Mwizi ni mmoja. Lakini mliomficha ni wengi, na wote mmetoka kanisani." Akaondoka, na nyumba 17 zikamfuata. Kazi ikasimama. Mvua ndefu ikaja, tope na uchafu ukaingia kwenye chemchemi iliyochimbwa nusu, watoto wakaanza kuhara. Watoto wetu na watoto wake, wote pamoja.

Ndugu zetu, angalieni vizuri. Mama yule hakutuita wanafiki kwa sababu mmoja wetu alianguka. Watu wanajua kwamba binadamu huanguka. Alituita hivyo kwa sababu tulificha, na tulificha kwa kutumia jina la Mungu. Neno hili "mnafiki" limeingia Kiswahili kutoka Kiarabu. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, neno lililotumiwa lilikuwa la mwigizaji, yule mtu wa mchezo wa kuigiza ambaye huvaa sura isiyo yake. Kwa hiyo mnafiki si mtu dhaifu. Ni mtu aliyevaa sura nyingine. Na ukisoma Injili utaona kwamba Bwana Yesu alikuwa mpole sana kwa wenye dhambi waliojulikana, lakini maneno yake makali aliyaweka kwa watu wa dini. Soma Mathayo 23. Aliwaambia kwamba wanatoa zaka hata ya majani ya kutia ladha kwenye chakula, lakini haki na huruma wameziacha.

Baada ya aibu ile tuliamua kutembea nyumba kwa nyumba. Hatukwenda kuhubiri. Tulikwenda kuuliza: "Mnatuona vipi?" Mwanzoni watu walikataa kusema. Walipoona kwamba hatujibizani nao, wakafungua vinywa. Haya ndiyo tuliyoambiwa.

Kwanza, vibarua. Kijana mmoja alisema amelima shamba la Mkristo siku sita, na mpaka leo analipwa kwa maneno, "Mungu atakubariki." Jumapili humwona mwajiri wake akitoa sadaka. Akauliza, "Ile sadaka si ni pesa yangu?" Tulikosa jibu. Yakobo katika sura ya tano anasema kwamba mshahara uliozuiliwa hupiga kelele, na Mungu huisikia.

Pili, gorogoro. Nyote mnaijua gorogoro iliyobonyezwa chini. Ukinunua mahindi unatumia nzima, ukiuza unatumia ile yenye kitako kilichoingia ndani. Nabii Amosi aliwashutumu wafanyabiashara waliongojea sabato iishe haraka ili warudi kwenye vipimo vyao vya uongo. Akina mama walitutajia maduka ambayo yameandikwa mstari wa Biblia juu ya mlango.

Tatu, matanga. Walisema, "Akifiwa mtu wa kanisa lenu, mnakuja na viti, hema, kwaya na mchango. Akifiwa mtu mwingine mnapita barabarani mkiharakisha kwenda mkesha."

Nne, na hapa wanawake walisema kwa uchungu: msichana akipata mimba anatolewa kwaya mbele ya watu wote. Lakini yule mwanamume, hata akijulikana, anaendelea kushika kitabu cha nyimbo. Na kuna nyumba ambazo sala ya jioni inasikika barabarani, na kipigo cha mama pia kinasikika.

Tano, wanasiasa. "Mnasema rushwa ni dhambi, halafu mkubwa akija na bahasha mnampa kipaza sauti."

Jamani, tulirudi nyumbani siku hiyo bila kusema neno.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya vijijini tu. Hapana. Mambo haya yamefika hata kwa taifa zima. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa hapa Kenya. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao akina mama na watoto, walichomwa humo ndani. Wengi wa waliokuwa wakipigana siku zile walikuwa wamebatizwa, pande zote. Mwezi wa Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande, na kwa hiyo hawakuweza kuukemea uovu sawasawa. Ilikuwa vigumu kusema hivyo. Lakini ilikuwa kweli.

Na tuitazame Rwanda. Huko Gahini ndiko ulikoanzia ule Uamsho wa miaka ya 1930 ambao ulienea Uganda, Tanganyika, na hapa kwetu ukafika Kabete mwaka wa 1937. Hata hivyo, katika nchi hiyo hiyo, mwaka wa 1994, katika siku zipatazo 100, watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi waliuawa, wengi wao Watutsi. Wengine waliuawa ndani ya makanisa kama Ntarama na Nyamata, ambayo leo ni mahali pa kumbukumbu. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na watu wake katika mambo hayo. Hatusemi haya ili kuwahukumu Wanyarwanda. Twasema ili tujue kwamba kubatizwa, na hata kuwa na historia nzuri ya imani, si kinga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini pia tusisahau upande mwingine. Wazee wetu watakumbuka waliyosimuliwa juu ya watu wa Uamsho. Mtu alipookoka hakusema tu "nimeokoka". Alirudisha. Aliyeiba jembe alilipeleka kwa mwenyewe, mchana, watu wakiona. Aliyekuwa na deni alilipa. Ndivyo alivyofanya Zakayo, aliyesema kwamba atarudisha mara nne. Hata wasiopenda mahubiri waliuelewa ujumbe wa jembe lililorudi.

Siku hizi pia kuna mifano. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana hapa Kenya alisema wanasiasa wasipewe tena mimbari kufanya siasa. Mwaka wa 2024, vijana walipoandamana, walilitaja kanisa pia kwa kupokea pesa za wakubwa. Novemba mwaka huo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliagiza kwamba mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais katika parokia moja yarudishwe. Watu waliongea sana, wengine wakisifu na wengine wakilaumu. Lakini neno lile la zamani, kurudisha, lilisikika tena.

Sasa turudi kwenye chemchemi. Tuliitisha mkutano, na hatukuufanyia kanisani. Tuliufanyia pale njia panda, mbele ya kibanda cha mandazi. Mwenyekiti wetu alisimama, akasema, "Lori halikuharibika. Tulidanganya." Mweka hazina naye akasimama, akakiri, akajiuzulu. Alilipa shilingi 1,300 kila mwezi kwa miezi 10, na kila alipolipa, risiti ilibandikwa ukutani pale kibandani ili yeyote aone. Kuna waliotucheka. Kuna nyumba tatu ambazo hazijarudi mpaka leo, na hatuwalaumu. Lakini siku ya kujenga ukuta, mama wa mandazi alikuja na karai lake. Leo maji yanatoka kwenye paipu. Yeye ndiye mweka hazina wetu. Kanisani hajaja, nasi hatumsukumi.

Tuseme neno moja pia kwa majirani wanaotulaumu. Samaki mmoja akioza, wasiseme wote wameoza. Wako Wakristo wengi kimya kimya wanaolea mayatima, wanaolipa vibarua jioni ile ile, wanaokesha na wagonjwa wasio wa ukoo wao. Na mtu asitumie kosa letu kama sababu ya kukataa kuchimba mtaro. Lakini neno hili ni lao kulipima. Sisi lililo letu ni kujisafisha.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi mfanye mambo haya mkirudi nyumbani:

1. Pesa za kikundi zisikae katika simu ya mtu mmoja, hata akiwa mtakatifu. Ziwe benki, na watia sahihi wawe watatu.

2. Hesabu isomwe kila mkutano, mara tu baada ya maombi ya kufungua. Mtu anayeomba asiogope kuhesabu.

3. Katika kamati wawemo watu wasio wa kanisa lenu. Macho ya mgeni huona vumbi ambalo mwenyeji amelizoea.

4. Kosa likitokea, lisemwe kwa wanakikundi wote ndani ya siku saba. Msilifunike ili kulinda jina la kanisa. Jina la kanisa hulindwa na ukweli.

5. Mkosaji asifukuzwe kama mbwa. Akiri, alipe kidogo kidogo, abaki miongoni mwetu. Tukimfukuza anayekiri, tutamfundisha anayefuata kuficha.

6. Vibarua walipwe siku ile ile, na gorogoro ya kununulia iwe ndiyo ya kuuzia.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi chenu:

Je, ni nani kijijini aliyeacha kikundi chetu kwa kuumizwa na sisi? Nani atakwenda kumsikiliza bila kubishana naye?

Je, ni kitu gani tumekificha ambacho mwenye lori atakuja kukisema?

Ni nini tunachopaswa kurudisha, na tutakirudisha tarehe gani?

Hatukuja hapa kama watu waliomaliza somo hili. Sisi ndio tuliosema lori limeharibika. Mkipita kwetu, ombeni maji pale chemchemini, mtapewa. Mkiona risiti za zamani ukutani kwenye kibanda cha mandazi, zisomeni. Hatujazitoa, na tumekubaliana zikae.