Sakafu ya Vinili kwa Ofisi za Kisumu

Msikilizaji, ukifungua ofisi hapa Kisumu, usichague sakafu ya vinili kwa kutazama rangi yake tu. Muulize muuzaji unene wa lile tabaka la juu lisilo na rangi, linalopokea viatu na magurudumu ya viti. La milimita 0.3 linafaa nyumbani. Ofisi yenye wateja wengi itafute 0.5 au zaidi.

Lakini adui mkubwa huku kwetu ni unyevu. Sehemu za chini karibu na ziwa, kama Nyalenda, maji ya ardhini hayako mbali. Tena saruji mpya huonekana kavu juu ilhali ndani bado ni mbichi. Unyevu huo ukipanda, gundi huachia na kingo za vinili huinuka. Kabla fundi hajaanza, tandaza kipande cha karatasi ya nailoni juu ya saruji, ziba pande zote kwa utepe, uiache angalau siku nzima. Ukikuta matone chini yake, au saruji imegeuka nyeusi, kazi isimame, hata kama mwenye jengo anakuharakisha. Nalisisitiza hili!

Mlangoni weka zulia la kupangusia viatu, maana mchanga ndio unaoikwaruza vinili.